Bia yangu ya nyumbani haitaki kutakata: nimejaribu baridi, jeletini na mwani. Nakosea wapi?

Mpika Gereji (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Huku kujipikia bia nyumbani ni ruksa, leseni ilifutwa tangu 1963, mradi usiuze. Nimeanza mwaka jana kwenye gereji. Ladha naipata, povu nalipata, ila bia yenyewe haitakati. Ukiimimina ni kama maji ya kuoshea mchele yaliyotiwa rangi.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa shemeji yangu. Nikabeba chupa 24, nimezifunga vizuri, nimebandika hadi lebo. Shemeji akainua glasi dirishani, akaizungusha, akaniuliza mbele ya watu wote: "Shem, hii togwa umeitiaje gesi?" Mama mmoja alicheka mpaka akapaliwa na pilau. Sasa hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo naitwa Bwana Togwa.

Ninavyopika: lita 20. Kimea cha shayiri kilo 4, kimeparazwa dukani. Nakiloweka kwenye maji ya nyuzi 66 saa nzima, nachuja, nasuuza machicha, nachemsha saa nzima na hopsi za Goldings (yale maua ya kuipa bia uchungu), napoza, natia hamira ya US-05. Wiki mbili kwenye ndoo, halafu chupani na sukari kidogo ya kuleta gesi.

Kwenye bia hii nimeweka ndoo nzima kwenye friji ya gereji siku tatu kwa nyuzi 2. Nimetia jeletini. Nimetia na vile vidonge vya mwani wanavyouza maduka ya wapika bia, dakika kumi za mwisho za kuchemsha. Ukungu uko palepale. Natanguliza shukrani.

Nimekaa Paleee

Nimevuta kiti. Weka picha mkuu, bila picha uzi haukamiliki.

Mja wa Mola

Watu wanahangaika pombe itakate, roho zao je?

Mpika Gereji

Picha hiyo hapo. Nyuma ya glasi nimeegemeza gazeti. Kichwa cha habari chenyewe hakisomeki, kile kikubwa cha ukurasa wa mbele.

Mja wa Mola, ujumbe umefika.

Fundi Mapipa

Mpika Gereji, umefanya kama mgonjwa aliyemeza panadol, dawa ya minyoo na dawa ya malaria kwa mpigo, halafu anashangaa hajapona. Hujajua unaumwa nini.

Nimefanya kazi kiwanda cha bia miaka 11, upande wa matangi ya baridi, kiwanda sikitaji. Bia yenye ukungu huwa na mojawapo ya mambo manne. Kuna hamira iliyogoma kutua. Kuna ukungu wa baridi, hapo protini ya kimea inashikana na tanini, zile za kuleta ukakasi, za maganda na za hopsi: bia ikipoa vinajikusanya unaviona, ikipata joto vinaachana na bia inatakata tena. Kuna wanga ambao haukugeuka sukari. Na kuna bia iliyoingiliwa na wadudu, ila hiyo pua itakwambia kabla ya macho.

Fanya hivi. Chukua chupa iliyokaa friji siku mbili wima, bila kutikiswa. Mimina taratibu kwenye glasi mbili, acha kidole kimoja cha bia chini ya chupa pamoja na mashapo yake. Glasi moja irudishe friji. Nyingine iache mezani mpaka ilingane na joto la chumba. Kisha ziweke mbele ya gazeti lako hilo. Ya mezani ikitakata, ukungu wako ni wa baridi. Zikibaki sawa, tuendelee kuchimba.

Na glasi uifute nje kabla ya kuhukumu. Jasho la glasi limewahi kunidanganya mimi, na uzoefu wote huo.

Msee wa Umoja

Kwani lazima ionekane safi? Huku Nairobi kuna baa zinauza IPA, ile bia ya hopsi nyingi, iko na ukungu kama juisi ya embe na bei iko juu kushinda Tusker mbili. Ambia shemeji yako hiyo ni ya kisasa.

Fundi Mapipa

Msee, ile ukungu wake umepangwa: wanatia oti (oats) na ngano, hopsi nyingi zinaingia baada ya kuchachuka, kila mnywaji anajua anachonunua. Huyu amekusudia bia ya Kiingereza akapata uji.

Halafu neno lenyewe la lager ni la Kijerumani, lina maana ya kuhifadhi. Bia ililala wiki kwa wiki kwenye mapango ya baridi ikijitakasa taratibu. Sisi kiwandani hatuna muda huo, tunatumia vichujio, unga wa PVPP unaonasa tanini, silika inayonasa protini. Kwa hiyo Mpika usijilinganishe na bia ya dukani. Lakini hata bila mashine gazeti linasomeka, nimeona kwa macho yangu.

Binti wa Paje

Mimi bia sinywi, nimeingia kwa sababu nimeona neno mwani. Mama yangu analima mwani Paje, kama akina mama wengi tu wa kule, kilimo kilianza 1989. Ndiyo huo mnatia kwenye bia?

Fundi Mapipa

Dada yangu, ni wa ukoo huo. Wazungu wa Ireland walikuwa wanaokota mwani mwekundu wa kwao kwenye mawe ya pwani, ndio uliozoeleka kwenye masufuria ya bia. Kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa karajinani, na aina inayofaa zaidi kwa bia inaitwa kapa. Huko kwenu, mwani mnaouita cottonii ndio wenye kapa. Ule wa spinosum una aina nyingine, hutumika zaidi kwenye vyakula na vipodozi. Mwani wenye kapa ukiingia kwenye bia inayochemka unavuta protini, zinashikana mabonge, yanazama chini ya sufuria.

Binti wa Paje

Basi ndiyo maana cottonii ina bei. Tatizo maji yamekuwa ya moto, cottonii inakufa, akina mama wamebaki na spinosum tu ambayo bei yake ni ya kulia. Mama anasema siku hizi cottonii mpaka uifuate maji ya kina, na wengi hawajui kuogelea.

Swali jingine. Hiyo jeletini ni ya ng'ombe au ya yule mnyama mwingine?

Nimekaa Paleee

Bia yenyewe haramu, sasa jeletini iwe halali ili iweje 😂😂

Binti wa Paje

Nimeuliza tu jamani!

Mpika Gereji

Ni ya ng'ombe, dada. Nimeinunua duka la Wapakistani mtaani kwetu.

Sangara Mkavu

Kabla ya jeletini Waingereza walitumia mabondo ya samaki, yale mapulizo ya ndani yanayomfanya samaki aelee. Walikuwa wanaagiza ya samaki mkubwa kutoka Urusi kwa bei mbaya, mpaka 1795 Mskoti mmoja William Murdoch akabuni namna ya kutumia ya samaki wa kwao anayeitwa cod, ndipo gharama ikashuka. Guinness wenyewe walitangaza kuyaacha mwaka 2015 kwa ajili ya watu wasiokula nyama.

Sisi Mwanza mabondo ya sangara yanaenda China, kilo ya makavu inaipita minofu mbali sana. Ukitaka bia itakate kwa mabondo ya sangara itabidi uuze gari kwanza.

Mpika Gereji

Mrejesho wa jaribio. Nimefanya jana usiku. Glasi ya friji: uji. Glasi ya mezani, baada ya saa mbili: imepungua ukungu kidogo, unaona kuna kitu cheusi kimeandikwa nyuma, lakini herufi huzitambui. Yaani imegoma katikati. Harufu ni nzuri, haijaingiliwa.

Fundi Mapipa

Basi una magonjwa mawili. Sehemu ni baridi. Sehemu ni kitu kingine ambacho joto halikiyeyushi.

Tuanze na la baridi. Baada ya kuchemsha unapozaje?

Mpika Gereji

Naizamisha sufuria kwenye bafu, najaza maji baridi na barafu za mifuko miwili. Inachukua kama saa moja na nusu. Mke wangu analalamika kila mara, maana siku ya kupika bia hakuna kuoga.

Fundi Mapipa

Hapo ndipo sehemu ya kwanza. Maji ya kimea yakitoka kwenye kuchemka na kupozwa haraka, protini nyingi zinaganda na kutua humohumo kwenye sufuria, unaziona kama yai lililovurugwa. Yakipoa polepole kiasi hicho, nyingi hazigandi vizuri, zinavuka na wewe mpaka chupani, huko zinakusubiri friji. Tafuta koili ya shaba, unaitumbukiza kwenye sufuria dakika kumi za mwisho ichemke pamoja na bia ili iwe safi, kisha unapitisha maji ya bomba ndani yake. Lita 20 zinapoa kwa nusu saa au chini ya hapo, hasa huko kwenu ambako bomba lenyewe linatoa barafu. Na mama watoto ataoga.

Hamira yako pia si ya kutua haraka. US-05 ni ya wastani. S-04 inatua na kushikamana chini kama saruji, na kwa bia ya Kiingereza ndiyo yenyewe. Ila hamira siyo mshitakiwa wangu mkuu, maana siku tatu za nyuzi 2 na jeletini zingekuwa zimeimaliza.

Dogo Janja wa Tabata

Samahani naingilia. Jeletini ikiondoa hamira yote, gesi ya chupani itatoka wapi?

Fundi Mapipa

Swali zuri. Haiondoi yote. Bia inayoonekana kama kioo bado imebeba hamira ya kutosha kula kijiko cha sukari. Itachelewa tu, badala ya wiki mbili ipe tatu.

Na jeletini haichemshwi. Nusu kijiko cha chai kwa lita 20, kwenye maji robo kikombe, unapasha mpaka nyuzi 65 au 70, inayeyuka, unaimwaga kwenye bia ambayo tayari ni ya baridi. Ukiitia kwenye bia ya vuguvugu umeipoteza.

Sasa Mpika, una aidini nyumbani?

Mpika Gereji

Ile dawa ya vidonda? Ninayo.

Fundi Mapipa

Sahani nyeupe. Matone machache ya bia, bila mashapo wala kipande cha ganda, maana maganda yanageuka meusi hata kama bia haina kosa. Tone moja la aidini pembeni, livute kwa kijiti likutane na bia. Likibaki rangi ya chai, huna wanga. Likigeuka bluu nyeusi, tumempata mwizi. Ukimaliza mwaga, usinywe.

Dogo Janja wa Tabata

Hii si ile ya kidato cha kwanza, kipande cha muhogo na aidini! Leo nimeona faida ya shule.

Mpika Gereji

Wakuu.

Nimetumia sahani ya harusi, ile nyeupe pee ambayo haitumiki. Nimevuta tone. Sekunde ya kwanza likabaki kahawia nikaanza kushangilia. Halafu pale yalipokutana pakaanza uzi mwembamba wa zambarau, ukasambaa, ndani ya muda wa kuhesabu mpaka kumi bia yote kwenye sahani imekuwa rangi ya wino. Nikaijaribu na bia ya dukani pembeni yake: kahawia, haikubadilika. Picha hiyo.

Fundi Mapipa

Kuna kitu hujatuambia. Kimea cha shayiri cha dukani, kimeparazwa vizuri, nyuzi 66, saa nzima, hakiachi wanga wa namna hiyo. Ama kipimajoto chako ni kibovu, ama umeweka kitu kingine kwenye sufuria. Sema ukweli, hapa hatupeleki mtu polisi.

Nimekaa Paleee

Sogeeni, mtuhumiwa anataka kuongea.

Mpika Gereji

Basi nikiri. Mama mkwe alitutumia kimea cha ulezi kutoka Rombo, kilo mbili, kimeshasagwa. Mtu alitubebea kwenye begi. Nikaona nitie kilo moja kwenye bia, iwe na asili kidogo ya nyumbani. Nimekichanganya na shayiri palepale kwenye nyuzi 66. Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilijua kimea ni kimea, tofauti ni nafaka tu.

Mangi wa Kibosho

Yesu na Maria. Umetia ulezi MBICHI?

Bibi yangu alipika mbege maisha yake yote na sijawahi kumwona akitia ulezi bila kuupika. Ndizi zinachemshwa peke yake zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, hiyo ndiyo nyalu. Ulezi peke yake unapikwa uji mpaka uive kabisa, huo ni mso. Unapoa ndipo vinakutana, na msesewa kidogo wa kuleta uchungu. Nilikuwa mtoto wa kukoroga mso, mwiko umenizidi urefu, ukiacha kukoroga kidogo unaungua chini na bibi anasikia harufu akiwa shambani. Mkwe wako wa Rombo akijua umeuloweka kama majani ya chai anarudisha mahari.

Halafu mbege haitakiwi kutakata. Mbege ikipitisha mwanga ujue umepunjwa.

Fundi Mapipa

Mangi ameumaliza uzi bila kujua. Nieleze kwa nini bibi yake alikuwa sahihi hata kwa bia ya shayiri.

Wanga uko ndani ya nafaka kama punje ngumu. Vimeng'enya vya kimea, vile vinavyoukata kuwa sukari, haviwezi kuung'ata mpaka punje zivimbe na kulainika kwa joto. Wanga wa shayiri unalainika chini kidogo ya nyuzi 66, ndiyo maana kuloweka kwako kunatosha kwa shayiri. Wa mtama unataka kuanzia 68 hivi mpaka 78, na ulezi unaelekea huko kwa mtama. Sasa ukipandisha sufuria nzima kufika huko, vimeng'enya vya shayiri vinakufa. Ukibaki 66, ulezi hauivi. Umenasa katikati.

Njia ni ya bibi. Pika ulezi uji kwanza, tia na konzi moja au mbili za kimea cha shayiri ili usiwe mzito kama ugali, chemsha robo saa mpaka nusu saa huku unakoroga. Uache ushuke, ndipo uchanganye na shayiri yako yote iliyobaki, pima mpaka itulie 66. Vimeng'enya vya shayiri vitakula wanga wa vyote viwili. Usichemshe sufuria kabla ya kupima aidini.

Na sasa unaona kwa nini dawa zako zilifeli. Mwani unakamata protini. Jeletini inakamata hamira zaidi. Wanga umekaa katikati unawatazama.

Mpika Gereji

Nimeelewa mkuu, nimeelewa mpaka aibu. Nina chupa 31 zimebaki. Kuna kimeng'enya kinauzwa cha kukata wanga, nikitia tone kila chupa je?

Fundi Mapipa

USIFANYE HIVYO. Kitakata wanga, utakuwa sukari, hamira iliyomo itaila, gesi itaongezeka ndani ya kioo kilichofungwa. Chupa zitapasuka, moja ikianza zinafuatana, na kioo hakichagui jicho. Kunywa hivyohivyo. Wanga si sumu, ungekuwa sumu sote tungekufa kwa ugali.

Kijana wa Mbagala

Wakuu na mimi nina swali, hii njia gongo nayo inatakata?

Fundi Mapipa

Gongo inakenekwa, hapa hatukeneki chochote. Uzi mwingine na mahakama nyingine.

Mpika Gereji

MREJESHO, wiki saba baadaye. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nasubiri chupa.

Koili nimepata ya mtumba kwa mzee mmoja aliyeacha kupika. Ulezi nilitia nusu kilo tu safari hii, nikapika mso kwa simu, mama mkwe upande wa pili ananiuliza kila dakika "unanuka nini sasa?" maana yeye anapima kwa harufu. Kulitokea kuungua kidogo chini, sikumwambia. Baada ya kuchanganya na shayiri nilipima aidini kila robo saa. Ya kwanza nyeusi. Ya pili zambarau. Saa moja na dakika kumi na tano: chai ya rangi. Nilimwita mke wangu aje aone, akaniuliza kama ni ile sahani ya harusi.

Kupoza kumechukua dakika 25, na nimeona lile yai lililovurugwa la Fundi likitua chini ya sufuria, sikuwahi kuliona kabla. S-04, wiki mbili, siku nne za baridi, jeletini nusu kijiko. Picha zote mbili hizo: gazeti lilelile, glasi ileile. Kichwa cha habari kinasomeka. Hata maandishi madogo ya chini yanasomeka ukikaza macho. Ikikaa sana kwenye friji kunakuwa na utando mwembamba wa ukungu, ukiishika glasi kiganjani dakika chache unaondoka. Huo nimekubali kuishi nao.

Jumapili shemeji alikuja. Sikusema neno, nikammiminia. Akaenda nayo dirishani kama kawaida yake. Akaangalia juu, akaangalia chini, akanywa, akakaa. Baadaye kabisa, mpira umeshaisha, akauliza: "Hii umenunua duka gani?"

Nimekaa Paleee

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri 😂😂 Uzi ufungwe.

Mangi wa Kibosho

Usifungwe kwanza. Mpika, zile za togwa zimebaki ngapi? Niko Bradford hapo jirani, treni dakika 20. Usizitikise, nakuja na dumu.